Laptopu ya Gemu Inaposuasua: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Prosesa haichoki. Chipu iliyotoka kiwandani mwaka 2019 inafanya leo hesabu zile zile kwa kasi ile ile, mradi ipate umeme wa kutosha na isivuke kikomo chake cha joto. Gemu iliyokuwa inatoa fremu 90 kwa sekunde ikishuka hadi 35, ujue kuna kitu kinaibana mashine, na kitu hicho kinapimika. Watu wengi hupoteza pesa kwa sababu huanza na tiba. Mmoja anapiga Windows upya, mwingine ananunua RAM, wa tatu anapeleka mashine kwa fundi ikapakwe pasta ya kupitisha joto, kumbe shida ni chaja ya wati 90 kwenye mashine inayotaka 180.

Mfano utakaotumika hapa ni laptopu yenye Intel Core i7-9750H, kadi ya picha (GPU) ya GTX 1660 Ti yenye GB 6 na RAM ya GB 16. Ni mashine za rika ambalo sasa limefika mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu. Kama yako ni ya AMD au ina kadi nyingine, namba zitabadilika lakini njia ya kutafuta ni ile ile.

Inashuka saa ngapi?

Kabla ya kusakinisha chochote, cheza na uangalie tatizo linaanza lini. Jibu la swali hili moja hukata nusu ya kazi.

Ikienda vizuri dakika 5 hadi 15 kisha ikashuka na kubaki chini, hilo ni joto. Ikidondoka ghafla hadi ikawa kama picha za mnato, kisha ikarudi, halafu ikadondoka tena, shuku umeme. Ikiwa wastani wa fremu ni mzuri lakini picha inakwama nusu sekunde kila unapogeuka au kuingia eneo jipya, tazama RAM, kumbukumbu ya kadi na diski. Ikiwa mbovu tangu sekunde ya kwanza, mashine ikiwa bado baridi, tatizo liko kwenye mipangilio, draiva (programu inayoendesha kadi), kadi isiyo sahihi, au gemu yenyewe imekuwa nzito.

Vipimo

Unahitaji programu mbili za bure: HWiNFO ya kusoma joto, kasi na umeme, na MSI Afterburner inayokuja pamoja na RivaTuner kwa ajili ya kuonyesha fremu juu ya gemu. Fungua HWiNFO kwa kuchagua "Sensors-only". Anzisha gemu, ingia mchezoni, halafu bofya alama ya saa iliyo chini ya dirisha la HWiNFO ili rekodi za chini na juu zianze upya. Cheza dakika 20 kwenye ramani ile ile, kwa mipangilio ile ile, chaja ikiwa imechomekwa. Ukimaliza andika namba hizi: joto la "CPU Package", kasi ya kila kiini (core) cha prosesa, "CPU Package Power", joto la kadi, kasi ya kadi, wati za kadi, na kama "Core Thermal Throttling" imeandika Yes.

Namba hizo husomwa hivi. Kasi ya msingi ya i7-9750H ni GHz 2.6, na inaweza kupanda hadi 4.5 kwa kiini kimoja. Kikomo chake ni nyuzi 100. Kwenye gemu, mashine yenye afya itakuonyesha viini vikiwa juu ya GHz 3, mara nyingi vizuri zaidi ya hapo. Ukiona viini vimeshuka chini ya 2.6 huku joto likigonga 95 hadi 100, mashine inajibana ili isiungue. Ukiona vimekwama kwenye GHz 0.8 huku joto ni 55 tu, usihangaike na vumbi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya umeme.

Kwa kadi ya Nvidia, fungua dirisha la amri (Command Prompt) wakati gemu inaendelea na uandike:

nvidia-smi -q -d PERFORMANCE

Utapata orodha ya sababu zinazoizuia kadi kupanda. "SW Power Cap" ikiwa Active, tulia: maana yake kadi imefika mwisho wa wati ilizoruhusiwa, jambo la kawaida kabisa, ingawa wengi huliona wakadhani ndiyo hitilafu. Zinazostahili kukusumbua ni "SW Thermal Slowdown", "HW Thermal Slowdown" na "HW Power Brake Slowdown": mbili za kwanza ni za joto, ya tatu ni ya umeme.

Kipimo kingine ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Endesha programu ya kupima kadi ya Unigine Heaven, iliyotoka mwaka 2009, au Superposition ya mwaka 2017. Majaribio haya hayabadiliki. Tafuta mtandaoni alama za laptopu ya modeli yako hasa, si za kadi ya kompyuta ya mezani, kisha linganisha. Ukipata alama zinazokaribiana na za wengine, laptopu yako haijashuka. Ni gemu iliyopanda. Umeokoa gharama ya kufungua.

Joto

Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Laptopu za gemu hutumia mabomba ya shaba ambayo mara nyingi hupita juu ya prosesa na kadi kwa pamoja, kwa hiyo kimoja kikichemka kinampikia mwenzake. Zaidi ya hapo, majaribio mengi unayosoma mtandaoni hufanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Ukicheza Dar es Salaam mwezi Februari chumbani kuna nyuzi 32, ongeza takriban 10 kwenye kila namba uliyosoma. Mashine iliyokuwa inaponea chupuchupu huko, hapa inajibana.

Anza na kisicho na gharama. Inua nyuma ya laptopu sentimita 2 au 3, usiiweke kitandani wala mapajani, na ucheze tena. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, basi miguu ya mpira imeisha au matundu ya chini yalikuwa yameziba.

Kisha usafi. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini kwa kadi ya plastiki ili usivunje vishikizo, na jambo la kwanza kabisa uchomoe plagi ya betri kwenye ubao mkuu. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Vumbi linalozuia hewa hukaa ndani, kati ya feni na mapezi ya kipoza joto, likiwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni tu. Fungua skrubu za kifuniko cha feni, toa blanketi hilo kwa kibanio, halafu piga brashi laini. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi kuliko ilivyoundwa, beringi huharibika. Na zungusha feni kwa mkono: ikikwama, ikiyumba au ikikwaruza, inunuliwe mpya, kwa sababu mafuta utakayoitia yatanyamazisha kelele kwa muda mfupi tu.

Joto likibaki juu baada ya usafi, zamu ni ya pasta ya joto. Dalili mbili huithibitisha: kiini kimoja kina joto zaidi ya nyuzi 10 hadi 15 kuliko jirani zake, au kadi inaonyesha tofauti ya nyuzi 20 na zaidi kati ya joto la kawaida na "GPU Hot Spot". Pasta kwenye laptopu huisha kwa namna ya pekee. Chipu ikipata moto na kupoa mamia ya mara, vyuma hutanuka na kusinyaa, vikiisukuma pasta pembeni hadi katikati pabaki pakavu. Ndiyo maana pasta nyepesi inayosifiwa kwenye kompyuta za mezani huweza kushindwa ndani ya miezi michache kwenye laptopu. Chagua nzito kiasi kama Arctic MX-6, au bora zaidi kipande cha Honeywell PTM7950, ambacho ni kikavu katika joto la kawaida, hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na hakisukumwi pembeni kirahisi. Feki zake ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Utaratibu:

1. Kwenye kipoza joto kuna namba karibu na kila skrubu. Legeza kwa kurudi nyuma, kutoka namba kubwa hadi 1, robo mzunguko kwa zamu. Ukitoa moja yote kwa mara moja, chuma kinaegemea upande mmoja na chipu inaweza kuvunjika kona.
2. Kabla ya kunyanyua, chomoa waya za feni. Kipoza kikigoma, kizungushe kidogo kushoto na kulia. Usikibandue kwa bisibisi.
3. Safisha chipu na shaba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya kawaida yenye rangi huacha utando.
4. Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma juu yake, kwa hiyo pasta lazima ifunike uso wote hadi pembeni. Tandaza safu nyembamba iliyo sawa. Ukitumia PTM7950, ikate saizi ya chipu, iweke kwenye friji dakika chache ili plastiki ibanduke vizuri, na uipe siku mbili tatu za kupata moto na kupoa kabla ya kuihukumu.
5. Kaza kuanzia namba 1, nusu nusu, kisha malizia kwa mpangilio ule ule.

Angalia pia vile vipande laini vya mpira wa kupitisha joto vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu na za umeme. Vikiwa vizima, viache. Vikichanika, weka vya unene ule ule, na unene huo hutofautiana hata ndani ya mashine moja: milimita 0.5 hapa, 1 au 1.5 pale. Ukiweka kinene kupita kiasi kinakinyanyua kipoza juu ya chipu, na hiyo ni sababu mojawapo ya laptopu "kurudi kutoka kwa fundi ikiwa na joto zaidi". Onyo jingine: baadhi ya modeli za Asus ROG kuanzia mwaka 2020 hutoka kiwandani na metali ya maji. Inang'aa kama zebaki, inapitisha umeme, na ikigusa alumini huila. Ukiiona na hujawahi kuishughulikia, funga umpelekee anayeijua.

Kuna njia ya kupunguza joto bila bisibisi, na inastahili kujaribiwa hata kama umeshasafisha. Fungua mipangilio ya juu ya umeme ya Windows, tafuta "Maximum processor state" na uiweke 99%. Prosesa itaacha kupanda na kubaki GHz 2.6 hivi. Joto linaweza kushuka sana, na kwa kuwa mabomba ni ya pamoja, kadi nayo inapata nafasi ya kupumua. Kwenye gemu zinazoegemea kadi, fremu huenda zikaongezeka na kutulia. Kwenye gemu zinazotaka prosesa, kama za mashindano ya kufyatuliana, utapoteza. Jaribu zote mbili. Mipangilio hiyo isipoonekana kwenye mashine yako, programu ya ThrottleStop ina kisanduku cha "Disable Turbo" kinachofanya kazi hiyo hiyo. Kupunguza volti za prosesa kwa ThrottleStop ni tiba nzuri pia, ila maboresho mengi ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mkuu) yaliyofuata ufichuzi wa udhaifu wa usalama wa Plundervolt mwezi Desemba 2019 yaliufunga mlango huo. Kwenye kadi mlango bado uko wazi: katika MSI Afterburner bonyeza Ctrl+F kufungua grafu ya volti na kasi, chagua nukta ya mV 800, ipandishe hadi karibu MHz 1650, sawazisha zote zinazofuata, kisha jaribu saa nzima. Gemu ikifunga ghafla, shusha MHz 30 urudie.

Na uweke kikomo cha fremu. Skrini ya Hz 60 haihitaji kadi itengeneze 110. Weka 60 kwenye RivaTuner, joto litashuka bila wewe kupoteza kitu.

Umeme

Geuza chaja usome maandishi ya upande wa kutoa. Zidisha volti kwa ampea: volti 19.5 mara ampea 6.92 ni wati 135, mara 9.23 ni wati 180, mara 11.8 ni wati 230. Linganisha na chaja iliyokuja na modeli yako, si na plagi inayoingia. Plagi kuingia hakumaanishi wati zinatosha.

Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya plagi inayoiambia laptopu ni chaja ya aina gani. Pini ikipinda, waya wake ukikatika karibu na shingo, au chaja ikiwa ya kuiga isiyo na chipu hiyo, mashine hushindwa kuitambua na kujibana, mara nyingine hadi GHz 0.8. Betri inaweza isichaji kabisa. Kwenye Dell, ujumbe wa "AC power adapter type cannot be determined" wakati wa kuwasha ndio uthibitisho. Azima chaja halisi dakika kumi ujaribu kabla ya kununua chochote.

Betri nayo inahusika, hata kama huchezi gemu bila chaja. Laptopu nyingi za gemu huazima umeme wa betri pale prosesa na kadi zinapotaka kwa pamoja zaidi ya chaja inavyotoa. Betri ikifa, mashine hupunguza kasi kujilinda. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, fungua faili linalotengenezwa, na ulinganishe "Design capacity" na "Full charge capacity". Ikiwa imebaki chini ya nusu, ihesabu kuwa mshukiwa. Kama touchpad imenyanyuka au kifuniko cha chini kimebinuka, betri imevimba: acha kuitumia leo hii, itoe bila kuikunja wala kuitoboa.

Kwa wanaotumia sola au inveta ndogo: inveta ya wati 150 haiwezi kubeba laptopu yenye chaja ya wati 180 wakati wa gemu, hata kama inaiwasha vizuri kwa kazi za ofisi.

RAM, kumbukumbu ya kadi na diski

Fungua Task Manager, "Performance", "Memory". Soma "Slots used". Mashine iliyouzwa na vijiti viwili vya GB 8 ikionyesha 1 kati ya 2, kijiti kimoja kimelegea au kimekufa. Umepoteza nusu ya RAM na pia njia mbili za kupitisha data, na fremu za chini kabisa ndizo zinazoumia zaidi. Toa vijiti, futa meno yake kwa alkoholi, rudisha ukibadilishana nafasi. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, usafi huu peke yake unaweza kutosha.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data hufurika hadi kwenye RAM ya kawaida na picha hukwama kila unapogeuka. Shusha "Textures" hatua moja tu kwanza, mengine yaache.

Kwa diski, programu ya CrystalDiskInfo inatosha. Mstari wa C5 (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) wa diski ya kuzunguka ukiwa na namba yoyote juu ya sifuri kwenye safu ya "Raw Values", hamisha kazi zako leo, gemu baadaye. SSD iliyojaa hadi ukingoni hupungua kasi ya kuandika. Iachie wazi asilimia 15 hadi 20.

Windows na draiva

Hapa pita haraka, lakini usiruke. Hakikisha programu ya mtengenezaji haiko kwenye hali ya kimya. Kwenye Lenovo Legion ni Fn+Q, na ni rahisi kuibonyeza bila kujua. Nenda "Settings", "System", "Display", "Graphics", chagua gemu yako na uipe "High performance", la sivyo huenda inachezwa na kadi ndogo ya Intel. Ikiwa fremu zimekwama kwenye 30 kamili bila chaja, hiyo ni BatteryBoost ya Nvidia, inayobana fremu ili kuokoa betri.

Draiva iliyoharibika isafishe kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye "Safe Mode", intaneti imezimwa. Usiihukumu draiva mpya kwa dakika za mwanzo: gemu inatengeneza upya sheda zake (programu ndogo za kuchora picha) na itakwama kidogo. Wenye GTX 900 na 1000 wajue kwamba Nvidia ilifunga draiva mpya za gemu kwa kadi hizo Oktoba 2025, tawi la 580 likiwa la mwisho. Kinachoendelea ni viraka vya usalama. GTX 1660 Ti haimo kwenye kundi hilo.

Windows 11 huwasha "Memory integrity", ulinzi dhidi ya programu hasidi, kwenye mashine nyingi. Microsoft yenyewe ilitoa maelekezo ya kuizima kwa wachezaji, ikionya kuwa ulinzi unapungua. Pima ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Tofauti ikiwa fremu 2 au 3, iwashe tena.

Ulishasakinisha gemu zilizovunjwa (za wizi)? Sikiliza feni mashine ikiwa haifanyi kitu. Zikivuma, kisha zikanyamaza pale tu unapofungua Task Manager, huenda kuna programu inayochimba sarafu za kidijitali na kujificha. Endesha ukaguzi wa "Microsoft Defender Offline scan". Programu hiyo ikirudi, kupiga Windows upya hapo kuna sababu.

Gemu yenyewe imekua

Counter-Strike 2 ilichukua nafasi ya CS:GO tarehe 27 Septemba 2023, na mashine zilizokuwa zikiichezea ile ya zamani kwa raha zilishuka usiku mmoja bila hitilafu yoyote. Fortnite ilihamia Unreal Engine 5 Desemba 2021. Kwa hali kama hii hakuna pasta itakayosaidia. Shusha vivuli, ukungu na mwangaza wa kuakisi kwanza, maana ndivyo vinavyokula sana na kuonekana kidogo. Washa FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, kwenye gemu zilizo nayo. Na Fortnite ina "Performance Mode" iliyotengenezwa kwa mashine dhaifu.

Vikikataa vyote

Joto liko sawa, chaja ni halisi, RAM imetimia, Heaven inatoa alama nusu ya wenzako, na skrini inaonyesha miraba ya rangi au mistari wakati wa gemu: hapo chipu ya kadi au kumbukumbu yake inakufa. Shusha kasi ya kumbukumbu kwa MHz 500 kwenye Afterburner. Miraba ikipungua, umepata jibu. Fundi akikwambia ataipasha chipu moto kwa hita ya hewa ili "ishike tena", mwulize dhamana ni ya muda gani, kwa sababu mashine zilizofanyiwa hivyo mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi michache. Bei ya kubadilisha chipu nzima au ubao mkuu iweke kando ya bei ya laptopu nyingine iliyotumika kabla ya kukubali, na ukiamua kuuza hii ya sasa, mwambie mnunuzi tatizo lilipo.